Siti ya Mbele ya Lori la Mansuri

Hadithi tuliiachia kanisani, wajukuu zangu. Ilikuwa misa ya arobaini ya marehemu mke wangu Felista, watu wamepanga mstari kwenda kukomunika, na mimi nimebaki kwenye benchi kama mtu aliyegandishwa kwa gundi. Wakanong'ona: masikini, mzee wa watu majonzi yamemzidi.

Hayakuwa majonzi. Ninyi mlio nami tangu mwanzo mnajua. Wewe uliyekuja leo, karibu, sogea hapa nikwambie kwa kifupi, ingawa mimi na kifupi hatujawahi kuelewana.

Naitwa Deogratias. Kwetu ni Matombo, upande wa pili wa mlima. Shule nilifika darasa la tatu nikashukia hapo. Mgeta nilipandishwa na mke. Na kwa sisi Waluguru ardhi inafuata tumbo la mama. Basi miaka arobaini na minane nimelima matuta ya ukoo wa Felista, kabichi, karoti, njegere, na hivi karibuni stroberi, na sina hata pa kusimamisha kuku pakaitwa pangu. Mke akitangulia, mume anakaa chini, anasubiri ukoo useme.

Hofu hiyo ilinitafuna. Felista alikuwa ananicheka.

"Baba Happy, unahangaika nini? Aliyetupa jana hajahama."

"Jana alitoa. Kesho je?"

"Kesho si yake na yeye? Wewe kula ugali wako, unapoa."

Yeye alikuwa hivyo. Kukiwa na mboga anashukuru, kukiwa na chumvi anashukuru. Mimi nikawa nalipia kiwanja kidogo kidogo kule Mikese, kando ya barabara kuu, kimyakimya. Nikajiambia nikizeeka niwe na pa kulaza ubavu bila kumwomba mtu. Na kiwanja hicho kilitegemea stroberi, maana kuna hoteli huko Dar ilizitaka kila wiki, na ilisema ukikosa wiki moja inachukua kwa mwingine.

Sasa sikiliza hapa. Stroberi hazipandi nyuma ya lori pamoja na kabichi. Zikibanwa tu zinakuwa uji. Huku kwetu stroberi zinakaa mbele na dereva, kwenye siti, kama bibi harusi.

Jumatatu ile mvua ilikuwa na wiki nzima. Udongo umeporomoka barabarani, bodaboda hazipiti. Lori lilikuwa moja tu, la Mansuri wa Bigwa. Lingine mpaka Alhamisi. Felista ana siku ya nne, homa na kifua. Na siti ya mbele ni moja.

Jumatano asubuhi alikata roho.

Mbele ya jeneza, ukoo wakauliza kama ilivyo desturi, ugonjwa ulikwendaje, hospitali mbona hakufika? Nikajibu maneno mawili.

"Gari lilijaa."

Gari halikujaa, wajukuu zangu. Hapo ndipo tulipo.

*

Tumetoka misani, tumerudi nyumbani. Wanawake wanapika, wazee wa ukoo wanapanga viti uwanjani. Nikazunguka nyuma ya jiko nivute pumzi.

Nikamkuta Mansuri amechuchumaa ukutani, kofia mkononi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umekuja lini?"

"Nimepanda sasa hivi. Nimeacha lori pale njia panda. Nimeona nisipokuja kwenye arobaini ya mama nitakuwa sina utu."

Moshi wa kuni unatuingia machoni, kila mtu ana kisingizio chake cha kujifuta.

"Babu, nikuulize kitu, usinione chizi."

"Uliza."

"Ile siti ya mbele. Wewe huwa unaionaje?"

Nikamwangalia.

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu haikaliki. Tangu siku ile. Nimempandisha mwalimu mmoja kule Nyandira, tumefika kona ya tatu akasema dereva simamisha, bora nikae juu ya kabichi. Namuuliza kuna nini? Anasema hapana, ananiona mimi nabanwa. Amenibana nani na tupo wawili? Juzi tena mama mmoja, hivyo hivyo. Anajisogeza mlangoni kama anampisha mtu."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata Padre. Kila Jumatatu na kila Alhamisi lile lori likipita chini ya matuta yetu, mimi nakuwa nimesimama na jembe. Na kila likipita namwona. Kajitanda kanga yake ya kijani mpaka kichwani, mfuko wake mapajani, anaangalia mbele. Hanigeukii. Angenigeukia hata kwa hasira ningelala usingizi.

"Mimi nazeeka tu macho," nikamwambia Mansuri. "Sioni kitu."

Akatikisa kichwa. Hakuniamini, na hakutaka kuniamini.

"Basi tuyaache. Nilichokuja kukwambia ni hiki. Nimewasikia wazee pale, wanataka kukupa jembe."

Niwaeleze jembe. Kwa ukoo wa mke wangu, siku ya arobaini jembe la marehemu linatolewa ndani. Wakimkabidhi mume, maana yake kaa, lima, kula, mpaka Mungu akuite. Wakilirudisha ndani, mume anafunga mzigo, na hapo hakuna cha kesi wala polisi. Mimi nimeona waume watatu wamefunga mzigo kijijini hapa, na mmoja alikuwa mtu mwema kuliko mimi.

"Wanakusifu, babu," Mansuri akasema. "Wanasema hakuna mkwe kama wewe. Sasa nakuomba. Usije ukafungua mdomo ukaanza mambo ya siti."

"Mansuri..."

"Mambo ya siti ni yako na yangu na Mungu. Una miaka sabini na tatu. Ukitoka hapa utakula nini?"

Neno hilo! Utakula nini. Ndilo lile lile lililokuwa linaniimbia masikioni Jumatatu ile. Ndilo lililopakia stroberi.

"Na kiwanja cha Mikese?" akauliza.

"Wiki ya msiba sikupeleka stroberi, hoteli ikaacha kuchukua. Kiwanja kimekwenda kwa mwingine."

Akashika kichwa.

"Ya Rabi. Kwa hiyo huna hata hicho?"

"Sina hata hicho."

"Basi babu, funga mdomo kwa gundi."

*

Tumekaa uwanjani. Mbele yangu shemeji yangu Shukuru, kaka yake Felista, ndiye mkubwa wa ukoo sasa. Pembeni yake mdogo wao Scholastika, mdomo wake kisu lakini moyo wake mboga. Nyuma binti yangu Happiness, amepanda kutoka Morogoro mjini anakouza vitambaa, macho mekundu.

Shukuru akakohoa.

"Tumemzika ndugu yetu, tumemwombea. Leo tunamaliza. Scholastika, lete."

Scholastika akaingia ndani akatoka na jembe la Felista. Mpini umelika katikati, pale mkono wake ulipokuwa unashika.

"Shemeji," akaniambia, "mimi unanijua sikupendi."

Watu wakacheka.

"Ulipokuja hapa kuoa nilimwambia dada, huyu wa Matombo mbona miguu kama mipini ya majembe, ataweza milima? Kumbe umeweza. Umemzika dada yangu mvi zote zimemwota akiwa na mume mmoja. Mimi kwa hilo nakuheshimu."

Wanawake wakapiga kigelegele, kile kidogo cha msibani.

Shukuru akachukua jembe. Akasimama.

"Kabla sijatoa, desturi. Nani ana neno juu ya mtu huyu? Kuna mtu amedhulumiwa naye? Kuna mtu ana dukuduku?"

Kijana mmoja wa ukoo, pale mwisho, akasema, "Mimi nauliza tu mjomba. Lile la gari. Watu wanasema lori halikuwa limejaa."

Vichwa vyote vikanigeukia.

Mansuri akasimama kabla sijapumua.

"Wazee, samahani, mimi ndiye dereva. Shahidi ni mimi. Gari lilijaa. Nyuma kabichi mpaka kwenye turubai, mbele nilikuwa na abiria. Ningefanyaje? Kama kuna wa kulaumiwa mnilaumu mimi na mvua."

"Umesikia?" Shukuru akamwambia yule kijana. "Kaa chini. Mambo ya vijiweni msituletee msibani."

Kijana akakaa. Shukuru akanipa jembe kwa mikono miwili.

"Shemeji, shamba hili, nyumba hii, mpaka Mungu atakapokuita. Karibu nyumbani."

Nikalipokea.

Wajukuu zangu, ninyi mtasema, si ndicho ulichokitaka miaka arobaini na minane? Ndicho. Kula nina pa kula, kulala nina pa kulala, na watu wananipigia vigelegele. Mungu amenipa chote nilichokuwa nahangaikia, kwa mkono wa watu wale wale niliokuwa nawaogopa. Kumbe wangenipa tu. Kumbe kiwanja cha Mikese kilikuwa cha kazi gani? Kumbe siti ile ningempa mwenyewe na shamba bado lingekuwa langu.

Katekista akasema tusali Baba Yetu tumalize.

Tukasali. Nikafika pale pa kuomba mkate wetu wa kila siku, utupe leo. Leo. Ulimi ukakwama. Tangu Felista aondoke neno hilo halinipiti, maana mimi maisha yangu yote niliomba wa leo huku nanyemelea wa kesho.

Wenzangu wakaendelea, wakafika mwisho, wakasema amina. Mimi bado niko pale pale, jembe mkononi. Na nikamwona. Si barabarani sasa. Amesimama kwenye mlango wa jiko, kanga ya kijani, mfuko mkononi. Anaangalia mbele.

"Gari halikujaa," nikasema.

Shukuru akadhani hakusikia vizuri.

"Unasemaje shemeji?"

"Siti ilikuwepo. Mansuri ananifunika, msimlaumu, kosa ni langu. Siti ilikuwepo na nilipakia stroberi. Makreti manne."

"Babu!" Mansuri akaita.

"Na Felista hakuwa kitandani kama mlivyodhani. Alikuwa amekwisha panda. Amekaa. Amefunga mkono wake kwenye mshipi wa siti. Nikamwambia mama Happy, shuka, utakwenda Alhamisi, hizi zikilala zinaoza. Nikamshusha kwa mikono yangu hii."

Scholastika akapiga yowe, si la kilio, la mtu aliyeumwa na nyoka.

"Stroberi! Kaka Shukuru, umesikia? Dada yangu amekufa kwa ajili ya stroberi!"

"Nimesikia."

"Mchukue jembe! Mchukue jembe mikononi mwake kabla sijamfia hapa!"

Shukuru akaja. Hakunipiga, ningefurahi angenipiga. Akachukua jembe polepole kama anavyochukua mtu kitu kwa mtoto mgonjwa.

"Shemeji," akasema, "kwa nini hukunyamaza? Nilishakupa."

"Nilishindwa."

"Unajua unatoka mikono mitupu?"

"Najua."

"Utakwenda wapi?"

"Sijui. Ninajua leo nipo hapa. Kesho nitaijua kesho."

Na hapo, msinicheke, ndani ya kifua changu kitu kikalegea. Nilikuwa sina shamba, sina nyumba, sina jina, na kwa mara ya kwanza sikuwa na hofu. Nikaangalia mlango wa jiko. Hapakuwa na mtu. Nikasema moyoni, ee Mulungu, basi imekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza.

"Si kweli."

Ni Happiness. Amesimama, simu mkononi.

"Si kweli baba anayosema. Ana huzuni, anajisingizia. Mimi mama alinitumia sauti siku ile ile. Mama hajawahi kunidanganya tangu ananinyonyesha. Ninayo hapa."

"Happy, mwanangu," nikasema, "iache."

"Siiachi. Utajitukana mbele za watu na mama ameshasema mwenyewe? Sikilizeni."

Akabonyeza.

Wajukuu zangu, mimi nimeona mengi mlimani huku. Nimeona udongo unashuka na nyumba nzima. Lakini sijawahi kuona uwanja wa watu mia unaganda vile. Sauti ya Felista ikatoka kwenye kile kisimu, na kikohozi chake, kama amekaa katikati yetu.

"Happy mwanangu, nimekosa gari leo. Limejaa kabisa. Nitashuka Alhamisi, Mungu akipenda. Nimekaa hapa kwenye jiwe napumzika, halafu nitapanda nyumbani polepole. Usimpigie baba yako kelele, amehangaika sana kunitafutia nafasi. Kula vizuri huko."

Scholastika alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Happiness akanigeukia, machozi na ushindi pamoja.

"Umesikia baba? Limejaa kabisa."

Lakini sauti ilikuwa haijaisha. Felista hakujua kuzima, aliachia kidole baadaye. Nyuma yake ikasikika injini ya lori, inanguruma. Halafu sauti ya mwanamume, mbali kidogo, lakini kila neno limesimama.

"Mansuri, funga mlango taratibu. Usije ukaziponda."

Sauti yangu.

Happiness akaitazama simu kama imemng'ata. Arobaini nzima alikuwa anaisikiliza, kila akitaka kumkumbuka mama yake, na kila mara alikuwa anaizima pale mama anapomaliza kusema.

Akarudisha nyuma. Akasikiliza tena, sikioni, peke yake. Akashusha mkono.

"Alijua," akasema. "Alikuwa anakuangalia unazipakia, na anakutetea."

Mimi mwenyewe nilikuwa nasikia kwa mara ya kwanza. Siku ile nilimwacha kwenye jiwe nikarudi kwenye makreti. Sikujua kama alishika simu.

Mzee Shukuru akaangalia jembe, akaangalia kaburi kule chini ya migomba, akaniangalia mimi.

"Ukoo," akasema. "Neno la marehemu juu ya kifo chake halipingwi hapa. Walifanya hivyo babu zetu, na sisi tunafanya hivyo. Felista amesema gari lilijaa."

"Kaka!" Scholastika akaruka. "Umerogwa?"

"Sijarogwa. Dada yako ametumia pumzi yake ya mwisho kumfunika mtu huyu. Wewe ni nani wa kumfunua?"

Akaja akaliweka jembe chini, mbele ya miguu yangu.

"Si mimi ninayekupa sasa. Ni yeye. Okota, shemeji."

Nikasikia hatua. Happiness anapita katikati ya watu, mkoba begani. Akafika mwisho wa uwanja, pale njia inapoanza kushuka, akasimama. Mgongo kwangu.

"Baba," akasema bila kugeuka, "ukiokota jembe la mama, huna tena mtoto anaitwa Happiness. Na usipookota, utakuwa umemtupa mama mara ya pili. Mimi sijui kipi kibaya zaidi. Fanya unavyojua."

Watu wote wananiangalia mimi. Jembe liko chini. Mwanangu hageuki.

Nikainama.